Sikukuu Bila Chumvi

Vällingby, Ijumaa, 27 Desemba 1974

Mvua tu. Waswidi wa hapa waliomba theluji kwa ajili ya Krismasi yao, wakapewa mvua nyembamba isiyo na haraka na giza linaloingia kabla chai ya alasiri haijapoa. Nimekaa dirishani, miguu juu ya kiti cha pili kama nilivyoamriwa. Hamisi amerudi kazini leo. Nyumba iko kimya, na mimi nina njaa.

Si njaa ya tumbo. Nimekula viazi, yai la kuchemsha na kabichi. Tumbo limejaa, na palipobaki pamejazwa na mtoto. Njaa yangu iko mdomoni, pembeni mwa ulimi, pale inapokaa chumvi.

Naitaka chumvi.

Basi, nimeandika. Labda ikishakuwa kwenye karatasi itaacha kunizunguka kichwani.

Ilianza Novemba. Mkunga wa kliniki, Sista Birgit, mama mrefu mwenye mikono ya joto, alinibonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale. Tukalitazama sote wawili likijaa polepole, kama unyayo kwenye tope. Akanipima presha, akapima tena, kisha akavua miwani.

"Inget salt, Mwanaidi," akasema. "Inte ett korn."

Hakuna chumvi. Hata punje. Mapumziko, maziwa, viazi, mboga, samaki wabichi wa kuchemsha, ndimu ruhusa, sukari kidogo. Nikamuuliza mpaka lini. Akaniwekea mkono tumboni. Mpaka huyu atoke.

Sikubishana naye. Dada yangu Mwanahawa alivimba vivi hivi. Wanawake wa mtaa wetu kule Tanga wakasema huyo ni mtoto wa kiume, ndiyo desturi yake, wakamtania kuhusu miguu yake na dada akacheka nao. Baadaye akawa analalamika kichwa. Siku moja akaniambia anaona vimulimuli mchana kweupe, nami nikadhani ananichezea. Tulimzika yeye na mtoto siku moja. Mama alisema ni kazi ya Mungu, na sisi tukasema ni kazi ya Mungu, wala hakuna aliyetutajia presha.

Kwa hiyo Sista Birgit anaponifunga kile kitambaa chake mkononi na kuanza kukijaza upepo, mimi hukaa kimya kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu.

Mama hajui. Nilimwandikia kiangazi kwamba nina mimba, nikamwambia pia, kwa mzaha, kwamba mtoto wake anaota ng'onda, samaki wetu wa kukaushwa kwa chumvi, kila usiku. Wakati ule miguu yangu ilikuwa bado yangu. Ilipoanza kuvimba sikumwandikia tena habari ya mwili. Ningeanzaje? Ameshazika mmoja.

Kuacha chumvi ni jambo moja. Kuiacha Desemba katika nchi hii ni jambo jingine kabisa. Huu ndio mwezi wao wa chumvi. Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, na tangu mwezi uanze nimekuwa nikiishi ndani ya majaribu. Paja la nguruwe halinishtui. Nimelikata vipande vyembamba kila siku na moyo wangu haukusogea, maana huyo nilikwishamkataa tangu sijazaliwa. Lakini wale samaki wa kwenye mitungi! Wa siki, wa haradali, wa vitunguu, wanang'aa kama fedha. Na kuna viazi vya kuoka kwa malai na samaki wadogo wa chumvi, chakula ambacho wenyewe wamekiita kishawishi. Jina lake ni hilo, kishawishi, na hulitaja mezani bila haya yoyote.

Jumatatu, siku yangu ya mwisho kabla ya mapumziko ya uzazi, niligawa chakula cha sikukuu. Bibi Elsa, kikongwe mwenye moyo mgonjwa, naye amekatazwa chumvi. Nilimwekea sahani yake ya viazi vitupu na samaki mweupe. Akautazama mtungi uliokuwa kwenye meza ya jirani yake, halafu akanishika kiwiko.

"Kipande kimoja," akaninong'oneza. "Kidogo kama ukucha. Hakuna atakayejua."

"Siruhusiwi, bibi."

"Nina miaka tisini, mwanangu. Mnanitunzia nini?"

Nikamnyima. Akageuza uso ukutani, nami nikaenda stoo nikajiegemeza kwenye magunia ya viazi nikalia. Sijui nilikuwa namlilia yeye au najililia mimi.

Hamisi anakula ninachokula. Sikumwomba. Siku ile niliporudi kutoka kliniki na habari, alichukua kopo la chumvi akalipeleka kwa jirani wa ghorofa ya pili, Mswidi ambaye mpaka leo nadhani hajaelewa alipewa kwa nini. Tangu hapo tunakaa wawili mezani tukitafuna viazi kama mbuzi wawili wa zizi moja. Mume wangu amefunga chumvi, nami nikawa najivuna kwa wenzangu.

Halafu wiki mbili zilizopita nilifungua mlango kwenda kutupa taka, nikamkuta ngazini, koti limefungwa mpaka shingoni, anakula mkate. Juu ya mkate alikuwa amekamua yale mayai ya samaki ya chumvi wanayouza hapa kwenye bomba kama dawa ya meno. Bomba lenyewe lilikuwa linachungulia mfukoni. Alinitazama kwa macho ya mwizi aliyekamatwa. Nikacheka mpaka nikalazimika kukaa chini ngazini, na yeye akakaa, akanipangusia machozi kwa mkono wenye harufu ile.

Ile harufu! Nilicheka, lakini mkono wake sikuuachia upesi.

Akaapa hatarudia. Hajarudia.

Sasa niandike ya juzi, maana ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Mwaka huu Idd ya kuchinja imeangukia Jumanne, mkesha wa Krismasi. Waislamu na Wakristo tukawa na sikukuu zilizopandana, na Mama Achieng' akasema basi, hakuna sababu ya watu wachache kama sisi kupika mara mbili. Njooni nyumbani kwangu Jumatano. Mama Achieng' ni Mkenya wa Kisumu, anakaa Rågsved na mumewe, Otieno, dereva wa basi, na watoto wao watatu. Umbo lake ni pana, sauti yake ni pana zaidi, na ndiye dada niliyepewa na nchi hii.

Jumapili alinipigia simu.

"Mhina amerudi kutoka Tanga," akasema. "Amekuletea mzigo kutoka kwa mama yako, ameuacha hapa kwangu. Mwanaidi, ni samaki. Nyumba yote inanuka! Jirani amekuja kubisha mlango, anauliza kama kuna bomba limepasuka."

Nilijua kabla hajamaliza. Nilikaa.

Ng'onda. Mama amenitumia ng'onda.

Nilimwona ukumbini kwetu, kisu mkononi, akimpasua samaki mgongoni na kumfungua kama kitabu, akimsugua chumvi kwa kiganja, akimwanika juani na kumlinda na paka siku nzima. Alifanya yote hayo kwa sababu binti yake alimwandikia kwa mzaha kwamba anaota. Na mama yangu anaamini, kama walivyoamini mama zake, kwamba mwenye mimba akinyimwa anachotamani, mtoto atazaliwa akidondokwa ute.

"Nifanye nini na hii kitu?" Mama Achieng' akauliza. "Nikufichie mpaka uzae?"

Lilikuwa wazo zuri, nami nililikataa. Nikijua kwamba kuna ng'onda mahali fulani katika mji huu ananisubiri, sitalala. Nitapanda treni siku moja Hamisi akiwa kazini, nitakwenda kumchukua. Najijua.

"Mpike," nikasema. "Usibakishe kitu. Wapikie watu Jumatano. Nitakuja kukuonyesha."

Hamisi alisikia. "Una hakika?" akaniuliza.

"Nina hakika."

Nilidanganya. Nilitaka tu kuwa karibu na yule samaki, hata kama ni karibu ya kutazama.

Jumatano treni ilikuwa tupu. Tunapanda hapa Vällingby na hatubadilishi, ni treni moja tu inapenya mji mzima mpaka kusini. Nilivaa viatu vya Hamisi. Vyangu havinitoshi tena. Mlango wa Mama Achieng' ulipofunguliwa, harufu ilinipokea kabla ya mtu, nikasimama kwenye zulia la mlangoni nimefumba macho.

"Ingia, mdogo wangu, ingia. Ai, hiyo miguu!" Mama Achieng' alinishika mkono akanipeleka moja kwa moja jikoni akanikalisha. "Keti hapo. Wewe ni mdomo tu, mimi ni mikono. Niambie."

Nikamwambia. Alikuwa amemloweka tangu asubuhi na kumwaga maji, lakini ng'onda wa mama haachi chumvi yake kwa maji ya asubuhi moja. Tukamchemsha, tukamchambua. Nazi ilikuwa ile ya pakiti ambayo Waswidi hutia kwenye keki. Tukailoweka kwa maji ya moto, akaikamua kwa kitambaa cha vyombo mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tui jepesi kwanza. Kitunguu, nyanya, bizari, ndimu. Kisha tui zito, na hapo nikamwambia akoroge asipumzike, lisije likakatika.

Hapo ndipo ikawa ngumu.

Sijawahi kupika mchuzi bila kuuonja. Kiganja changu kilikuwa kinafunguka chenyewe kuomba tone.

"Onja," nikamwambia.

Akadondosha kiganjani, akalamba. "Iko sawa."

"Sawa vipi?"

"Sawa tu. Ni tamu."

"Chumvi imezidi tui, au tui limezidi chumvi?"

Akanitazama. "Mwanaidi, mimi ni Mjaluo. Najua samaki kwa njia zote, lakini hayo maswali yako ni ya mtihani."

Tukacheka. Kengele ya mlango ikalia, watoto wake wakapiga kelele kwa Kiswidi kwamba kuna mtu, na yeye akatoka kwenda kufungua. Nikabaki peke yangu na sufuria.

Naandika hili kama lilivyotokea. Niliinuka. Nikachukua kijiko. Nikachota mchuzi na kipande cha nyama ya mgongoni, pale panapokaa chumvi zaidi, nikaupuliza upoe. Sikuwa nawaza kuonja. Nilikuwa nawaza kula. Nilikwishapanga kwamba nitakula hiki, na kingine, na kwamba Sista Birgit hayumo humu jikoni, na mama yangu yumo. Mate yalinijaa hata nikameza mara mbili kabla kijiko hakijafika.

Mvuke ukanipanda usoni, macho yakaniingia ukungu, na katika ukungu ule nikaona kitu kinameta.

Vimulimuli.

Nikageuka dirishani upesi, nikapangusa macho kwa mkono wa nguo, nikaangalia mbingu ya kijivu juu ya maghorofa. Nikaangalia muda mrefu. Hakukuwa na kitu. Ilikuwa taa ya mishumaa ya umeme ambayo kila nyumba huku huiweka dirishani Desemba, nayo iliniingia machoni kupitia machozi ya mvuke. Taa tu. Lakini nikakirudisha kijiko sufuriani, nikakaa, mikono miwili juu ya tumbo.

Mama Achieng' aliporudi alikiona kijiko, akaniona mimi.

"Umekula?"

"Sijala."

"Niangalie."

"Sijala, dada. Kilifika hapa." Nikamwonyesha kidevuni.

Hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana. "Hii nitaitoa," akasema. "Naimwaga sasa hivi. Kuna nyama, kuna kuku, nitawapea hiyo. Hakuna mtu atakufa."

"Usimwage. Mama amemkausha kwa mikono yake."

"Mama yako hakujua."

"Ndiyo. Hakujua. Ndiyo maana usimwage."

Tukaenda mezani. Wali, nyama ya kondoo ya Idd, kuku, sukuma wiki ya Mama Achieng' ambayo huku huitengeneza kwa kabichi ile ya majani ya kujikunja, na katikati bakuli kubwa la ng'onda wa nazi. Mbele yangu sahani yangu na Hamisi: samaki mweupe wa kuchemsha, nyanya, kipande cha ndimu. Mama Achieng' aliipamba kwa majani ya kotimiri ili isionekane ya hospitali.

Bwana Mhina alikaa mkabala nami. Ni mtu wa makamo, fundi mitambo, mtoto wa Tanga kama mimi. Amekaa huku muda mrefu kutuzidi sote. Hakuwa na habari yoyote. Aliponiona nachukua uma akatikisa kichwa.

"Hapana, binti yangu. Nimeagizwa," akasema, na uso wake ulikuwa wa furaha ya mtu anayefikisha amana. "Mama yako alinisindikiza mpaka kituoni. Akasema, 'Mwambie Mwanaidi amle akiwa wa moto, na amle kwa mkono. Na wewe Mhina usiondoke mpaka umemwona anameza.'"

Watu wakacheka. Otieno akalisogeza bakuli mbele yangu.

Mimi sikucheka. Nikamtazama Hamisi, na Hamisi akafungua mdomo ili anisemee, nikamgusa mkono. Nikasema mwenyewe. Nikawaambia kuhusu miguu, presha, na punje moja. Sikukusudia kumtaja Mwanahawa, lakini jina lilitoka.

Bwana Mhina alikuwa amekwisha kumega tonge. Akalirudisha sahanini taratibu. "Nilikuwepo mazishini," akasema. "Sikujua kwamba ndicho kilichomuua."

Baada ya hapo hakuna aliyekula. Mama Achieng' aliangalia mezani. Otieno alikuwa anarudisha kijiko bakulini kama mtu aliyekutwa anaiba. Na mchuzi ukawa unapoa, naona kabisa utando wa tui unaanza kujikunja juu.

Hapo nikapata hasira. Sijui ilitoka wapi.

"Kuleni!" nikasema. Sauti ilikuwa kubwa, mtoto mdogo wa Mama Achieng' akashtuka. "Kuleni, jamani. Mnaniadhibu mara mbili. Samaki ametoka Tanga mpaka hapa, aje apoe mbele ya watu wenye afya zao? Mimi nisipomla, na nyinyi msipomla, mama yangu amemkausha nani?"

Otieno ndiye aliyeanza. Mungu ambariki. Akachota, akala, akasema, "Eh!" Akachota tena. Mama Achieng' akafuata, na Bwana Mhina, polepole, kichwa chini.

Hamisi hakugusa. Alikuwa anakula samaki wangu mweupe kutoka upande wake wa sahani, kama kawaida yetu.

"Na wewe," nikamwambia.

"Niliapa."

"Nakufungulia."

"Mwana, tumefunga pamoja. Tutafungua pamoja."

Alisema kwa utulivu, bila kujionyesha. Nami nikaona kwamba mtu huyu, ambaye mama yake naye yuko Pangani na hajamwona miaka mitatu, hataki nitamani peke yangu. Nikasogeza kiti. Nikanawa vidole kwenye bakuli la maji, nikamega wali, nikaubonyeza, nikauchovya kwenye mchuzi, nikaweka kipande cha mgongoni juu yake, na nikampelekea mdomoni, mbele ya watu wote, kama bibi harusi.

Akanitazama. Akafungua mdomo.

Nilimwangalia anavyotafuna. Nadhani sijawahi kumwangalia mtu hivyo. Niliona chumvi inapomfika. Macho yalijifunga kidogo pembeni. Niliona tui linakuja nyuma yake. Aliacha kutafuna, akakaa tu, akakishika kile kitu mdomoni.

"Vipi?" nikauliza.

Akatikisa kichwa.

"Hamisi. Niambie vipi."

Akataka kusema, hakuweza. Akaweka kiganja juu ya macho. Mume wangu, aliyetoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam akipunga mkono na kucheka, aliweka kiganja juu ya macho na mabega yakamtikisika. Hakuna aliyemcheka. Bwana Mhina alipenga kamasi kwa nguvu sana kwenye leso yake.

Nikamlisha tonge la pili. Na la tatu. Alikula yote niliyompa.

Chakula changu mwenyewe nilikimaliza. Singependa kudanganya hapa na kusema kwamba kilikuwa kitamu. Kilikuwa chakula.

Kwenye treni ya kurudi tulikaa bega kwa bega. Vidole vyangu nilivifuta kwa karatasi tu, na harufu ilikuwa pale pale. Nilikuwa nimeweka mkono shavuni kama mtu anayewaza. Mzee mmoja na mkewe, wenye mifuko ya zawadi, walikaa mbele yetu, wakatazamana, wakainuka kwa adabu kubwa wakahamia behewa jingine. Hamisi akanikonyeza. Tulicheka mpaka mjini.

Lakini nilipokuwa nacheka nilikuwa na wazo moja tu. Nikinyoosha ulimi kidogo, nitagusa kidole.

Sikugusa. Wala sikukishusha.

Nyumbani wakati wa isha ulikuwa umeingia. Nikasimama mbele ya bomba, mikono mitupu, na nikachelewa. Sijawahi kuonea uchungu udhu. Nikafungua maji, nikatawadha vizuri, kidole kwa kidole kama nilivyofundishwa, nikijua ninachokiosha. Siku hizi naswali nimekaa kitini. Nilipomaliza nikainua mikono kuomba. Nilimwombea mtoto, nikamwombea Mwanahawa na mtoto wake, nikamwombea Bibi Elsa ingawa si wa dini yangu. Halafu nikapitisha viganja usoni.

Maji matupu hayamtoi ng'onda.

Alikuwepo bado, kwa mbali, kwenye mistari ya viganja. Nikakaa na uso wangu humo ndani. Nikanusa ukumbi wetu, jua la saa nane, na mama yangu. Sijui kama dua ile imepokewa au tamaa imeiharibu. Sikuweza kuitoa mikono.

Asubuhi ya leo nilikwenda kliniki. Sista Birgit alipima, akapima tena kama kawaida yake, na safari hii hakuvua miwani. Presha imeshuka. Si sana, imeshuka. Akanipandisha kwenye mzani, akaguna kwa kuridhika, akauliza, huku anatabasamu, kama nilifanya udanganyifu wakati wa sikukuu, kwa sababu anasema kila mtu hudanganya Krismasi, hata yeye.

"Nilinusa," nikamwambia.

Akacheka. Kisha akaona kwamba sikuwa natania, akaacha kucheka, akanishika bega. "Duktig," akasema. Umejitahidi. "Endelea vivyo hivyo."

Endelea. Neno zuri, na nilishuka ngazi za kliniki nikilibeba kama mzigo wa kuni. Bado mwezi wote wa Januari, na Februari karibu yote. Mwaka mpya nao unakuja na meza zake.

Lakini nimeamua jambo moja leo, hapa dirishani. Mama lazima aambiwe. Barua ya kwanza ya mwaka nitamwandikia yote, miguu, presha na Sista Birgit, na nitamwandikia kwamba dada huenda angeokolewa, ingawa sijui nitaliandikaje hilo bila kumuua. Afadhali alie akiwa anajua kuliko kunitumia samaki mwingine gizani.

Na najua ataniuliza. Kabla ya yote, kabla hata hajafika mwisho wa barua, atataka kujua ng'onda alikuwaje, kwa sababu yeye ni mpishi na mimi ni mtoto wake. Nitamjibu kwamba nilimlisha Hamisi kwa mkono wangu, nikamuuliza vipi, na Hamisi akashindwa kusema.

Atajua mwenyewe alikuwaje.